Siku tano Mafia: tulivyochagua mahali pa kupiga mbizi

Kama una siku tano, una cheti cha kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, na likizo yako imeangukia mwanzoni mwa Novemba, nenda kisiwa cha Mafia. Natoa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitasema ilikwenda wapi. Lakini jibu hili ni la Novemba. Ungeniuliza kuhusu Julai ningekujibu vingine kabisa, na hapo ndipo naona wengi wanapokosea. Mtu anachagua kisiwa kwa picha, anaangalia bei ya chumba, analipa, kisha siku ya kuondoka ndiyo anauliza bahari ikoje. Sisi tulianza na upepo.

Mimi ni mfamasia, nafanya kazi Dar es Salaam, lakini kwetu ni Kigombe, Tanga. Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi na mitego ya madema, na sijawahi kumsikia akisema "kesho twende mahali fulani" kabla hajatoka nje alfajiri akatazama vichwa vya minazi. Nilipojifunza kupiga mbizi miaka sita iliyopita nilidhani mambo ya babu na mambo ya mitungi hayakutani. Yanakutana. Boti ya wapiga mbizi inapanda mawimbi yale yale, na maji yakiwa machafu huoni kitu hata kama umelipa dola mia mbili.

Safari hii nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, aliyemaliza kozi ya kwanza mwezi Agosti. Cheti chake kinamruhusu kushuka mita 18. Changu kinafika 30. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta mahali patakapotufaa wote wawili, tusije tukakaa kwenye boti moja, mmoja akaenda kuona mambo na mwenzake akabaki kulinda mabegi.

Tulianza na Mnemba, kisiwa kidogo karibu na Unguja, kwa sababu ndiko kila mtu anakokutaja. Nilishapiga mbizi huko mara mbili nikitokea Nungwi. Mwamba ni mzuri, kasa wapo, na maji ni meupe kiasi kwamba unaona kivuli cha boti kwenye mchanga chini. Lakini msimu wa wageni boti ni nyingi mno. Siku moja tulishuka tisa na kiongozi mmoja, na kila nilipotaka kusimama nitazame kitu, mapezi ya mtu wa mbele yalikuwa usoni mwangu. Siku hiyo hiyo nilipewa mtungi ambao geji yake, kipimo cha presha ya hewa, ilisoma bar 160 badala ya 200. Niliposema, nikajibiwa "utatosha tu, dada". Kituo sikitaji jina. Nataja ili ujue kwamba kisiwa kizuri hakikukingi na mtungi usiojaa.

Pemba nilikwenda mwaka juzi, na nasema kwa moyo wote kwamba sijaona buluu kama ile. Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo wa bara, lakini kati ya Pemba na bara kuna mkondo wenye kina cha zaidi ya mita 800. Ndiyo maana maji yake ni mazito kwa rangi, na ndiyo maana ukuta wa matumbawe unateremka mpaka hujui unaishia wapi. Tulipiga mbizi Misali, kisiwa ambacho wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya msala wake wa kuswalia. Ukikitazama kutoka mashariki na miti yake imelala vile, masimulizi hayo yanakuingia bila kulazimishwa. Ila Pemba ina mkondo wa maji usio na mchezo. Pale Njao, maji yakibadilika, kiongozi anakuonyesha ishara ya kushika mwamba na unashika kweli. Kumpeleka huko mtu mwenye mbizi sita, kama mdogo wangu, nisingethubutu. Pemba ni kwa aliyekwisha kuizoea pumzi yake.

Binamu yangu wa Maskati alitupigia simu kutushawishi twende Visiwa vya Daymaniyat huko Oman, akatuma video za kasa mpaka simu ikajaa. Panavutia, lakini nauli peke yake ingekula mbizi zetu zote. Kenya pia tuliifikiria. Kisite, ukitokea Shimoni, ingemfaa sana mdogo wangu, na Watamu ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, wakati sisi Tanzania Bara tulipata hifadhi ya bahari ya kwanza mwaka 1995. Hiyo ya 1995 ndiyo Mafia, na ndiyo tuliyoichagua.

Sababu zilikuwa tatu, na zote ni za Novemba. Mwanzoni mwa mwezi huo upepo wa kusi umeshachoka na wa kaskazi haujapata nguvu. Ni maleleji, kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, bahari imelala. Kipindi cha kusi, kuta za nje za Mafia hazifikiki, na boti zote hubaki ndani ya Ghuba ya Chole. Kuanzia Oktoba mlango unafunguka. Ya pili, ghuba yenyewe. Kisiwa kikubwa kiko upande mmoja, Juani upande wa pili, na kisiwa cha Chole katikati, kwa hiyo hata upepo ukikugeukia bado una mahali pa kupiga mbizi siku hiyo. Ya tatu ni papa potwe, ambaye kuanzia Oktoba hadi Machi huja upande wa magharibi, karibu na mji wa Kilindoni, kula uduvi.

Na tukaangalia mwezi. Hili wengi hawalifanyi kabisa, na mimi naliona lina uzito kuliko kuchagua hoteli. Tulipanga kufika tarehe nane ya mwezi mwandamo, wakati wa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, ili mbizi za mwanzo za mdogo wangu zisikutane na bamvua, inapojaa na kupwa sana. Kwenye mlango wa Kinasi, ambako ghuba yote inajaa na kupwa kila siku, tofauti kati ya maji mafu na bamvua ni tofauti kati ya kuelea na kukokotwa.

Tulikwenda kwa meli. Gari kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha unatoka taratibu katikati ya mikoko ya delta ya Rufiji mpaka bahari inafunguka. Inachukua karibu saa nne. Ndege inachukua kama nusu saa, na sikatai kwamba ni raha. Lakini mpiga mbizi ana hesabu nyingine. Baada ya mbizi za siku kadhaa, unatakiwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu nitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda wa kutoka polepole, na ndege inapopanda presha inashuka ghafla. Aliyekuja kwa ndege anapoteza siku nzima ya mwisho akiota jua. Sisi wa meli tulipiga mbizi hadi mchana wa mwisho, tukalala, asubuhi tukaondoka.

Kutoka Kilindoni hadi Utende, ambako ndiko vituo vingi vya kupiga mbizi, barabara ni ya lami. Unapita geti la hifadhi na unalipa ada kwa kila siku utakayokaa. Beba kitambulisho cha NIDA. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni, lakini mdogo wangu alikuwa amesahau chake Dar, tukakaa getini karibu saa nzima mpaka mama alipopiga picha kadi ile na kuituma. Ofisa alikuwa mpole, akatupa maji ya kunywa, ila hakulegeza. Nilimheshimu kwa hilo. Fedha hiyo inalinda mwamba, nami sikutaka ilegezwe kwa ajili yetu.

Kituo tulichotumia ni kidogo. Boti mbili za mbao zenye mashine, banda la makuti, kompresa ya kujazia mitungi hewa nyuma ya ukuta, na mwarobaini mmoja mkubwa ambao chini yake kila kitu kinafanyika. Kiongozi wetu ni kijana wa Jibondo, kisiwa jirani. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kutuuliza majina, ni kupanga mitungi yetu sita na kuifunga geji mmoja baada ya mwingine huku akisoma kwa sauti. Mmoja ulisoma 180. Akaurudisha kwenye kompresa bila mtu kumwambia. Mimi niliyejibiwa "utatosha tu" nilisimama pale nikahisi mabega yanashuka.

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Kaka, mbizi yako ya mwisho ulifika ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi kesho hatuendi Kinasi. Kesho tunaanza ghubani, mita kumi na mbili, nikuone unavyopumua. Kinasi ipo, haihami."

Mdogo wangu alinuna kidogo. Mimi sikununa. Kiongozi anayekuzuia siku ya kwanza ndiye atakayekutoa salama siku ya nne.

Wanawake wenzangu wanaovaa hijabu huwa wananiuliza swali hili faraghani, kwa hiyo naliandika wazi. Suti ya mpira inafunika mwili mzima, na kofia yake ya mpira inafunika nywele na shingo. Sikuona jicho la ajabu kwa mtu yeyote. Utende na Chole ni vijiji vya watu wetu, na walichoniomba ni kwamba nikitoka kwenye boti nijifunge kanga kabla ya kupita kijijini. Ombi hilo wanawapa wageni wote, na ni wageni wachache wanaolifuata. Suti niliyopewa ilikuwa imepasuka kwenye goti, maji yakawa yanaingia, na ingawa bahari ya Novemba ni ya vuguvugu, mbizi ya pili nilitoka natetemeka. Nusu ya nyota ilipotea hapo. Kituo kinachojali mitungi namna ile kinaweza pia kununua sindano na gundi.

Siku ya kwanza na ya pili tulikaa ghubani. Sitasimulia mbizi zote. Kulikuwa na bustani za matumbawe kama kabichi zilizopandwa bila mistari, kulikuwa na samaki taa aliyejifukia mchangani akabakiza macho, kulikuwa na samaki mkunga mnene kama paja langu anayefungua na kufunga mdomo. Kufungua mdomo kule si hasira, ndivyo anavyopumua, na baada ya kuelezwa mdogo wangu aliacha kurudi nyuma kila anapomwona. Kwingine niliona pia vifusi vya matumbawe mafu. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na tumbawe likipata joto hufukuza vijimea vinavyolilisha, likabaki jeupe, na joto lisipopungua mapema linakufa. Mafia iliumia sana mwaka ule. Juu ya mifupa hiyo sasa kuna matumbawe machanga yenye upana wa kiganja, na kiongozi alituonyesha moja baada ya jingine, akinyoosha kidole kwa mbali, bila kugusa.

Siku ya tatu tukaenda Kinasi.

Tuliondoka Utende saa tatu asubuhi ili tuingie maji yakiwa yanajaa. Hii ni kanuni ya pale. Maji yanapojaa yanakuja masafi kutoka bahari kuu, na yanapokupwa yanatoka na tope na mchanga wa ghuba yote. Nahodha ni mtu mzima, ndevu nyeupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akatia mkono majini, akautoa, akatazama kamba ya nanga inaelekea wapi, akasema, "Ngojeni dakika kumi." Tukangoja. Hakuna kompyuta iliyomwambia zile dakika kumi.

Tuligawanyika. Mdogo wangu alishuka na kijana wa Jibondo, mwisho mita 18. Mimi nikashuka na kiongozi wa pili hadi 24. Unatua juu ya kichwa cha mwamba, unazibua masikio, unafuata ukuta mkono wa kulia, na mkondo unakuchukua polepole kama mtu anayekushika kiwiko kukuvusha barabara. Kolekole walipita juu yetu wakiwa kundi zima, ubavu kwa ubavu. Kisha kiongozi akasimama, akanionyesha ngumi, maana yake simama na wewe.

Alikuwa chewa. Si chewa wa sokoni. Alikuwa amekaa chini ya mwamba uliojitokeza kama baraza, urefu wake ulinipita kiunoni, madoa meusi juu ya ngozi ya kijivu, na mdomo ambao ningeweza kuingiza kichwa changu. Mbele ya mdomo huo kulikuwa na samaki mdogo mwenye mstari wa buluu, urefu wa kidole, akimsafisha. Chewa alifungua mdomo. Yule mdogo akaingia ndani, akapotea kabisa kwenye giza la mashavu, akatokea upande wa matamvua. Chewa hakutikisika. Alikuwa akipumua tu, tamvua zikiinuka na kushuka, na jicho lake moja likizunguka kututazama sisi, kurudi kwa msafishaji, kututazama tena. Nilishusha pumzi zangu kadiri nilivyoweza ili mapovu yasimtishe. Tulikaa naye dakika nne nzima. Niliangalia geji mara mbili kwa sababu nilijijua, ningeweza kusahau.

Na hapo ndipo nilipoisikia bahari. Nimesema nimekulia Kigombe. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunasikia baruti ikilia baharini hata jua halijachomoza, na bibi alikuwa akisema tu, "Hao washaanza." Miaka ya karibuni milio hiyo imepungua sana, lakini baruti inavunja mwamba kwa sekunde moja na mwamba unahitaji miaka mingi kurudi. Mara ya kwanza nilipopiga mbizi kwetu Tanga nilikuta shimo la kifusi mahali ambapo babu alikuwa akiweka madema. Kulikuwa kimya. Kinasi si kimya. Nilipokuwa nimetulia mbele ya yule chewa nilisikia sauti kama ya mtu anayetafuna karanga kwenye chumba cha pili, kisha nyingine, kisha nyingi. Walikuwa pono, wakikwangua mwamba kwa meno yao, na kila baada ya muda mmoja wao anaachia wingu la mchanga mweupe nyuma yake. Sehemu ya mchanga mweupe tunaotembelea ufukweni umetoka huko, kwenye matumbo ya pono. Nililijua hilo tangu zamani kwa kusoma. Kulisikia kwa masikio yangu ni kitu kingine.

Tulipanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika 3 kama inavyotakiwa, na juu nikamkuta mdogo wangu ameshika ukingo wa boti, barakoa imemkaba usoni, anaongea kabla hajavuta hewa. Alikuwa ameona kasa wawili.

Siku ya nne tulilazimika kusubiri hadi karibu saa tano, kwa sababu kila siku maji yanachelewa kidogo kujaa, na mkondo ulikuwa umeanza kuongezeka kuelekea bamvua. Kiongozi akampima tena mdogo wangu kwa maswali, akaridhika, akampeleka Kinasi upande wa ndani. Mimi nilikwenda ukuta wa nje. Ni mzuri, una vichaka vya matumbawe laini vya zambarau na samaki wakubwa wanaopita kwa mbali kwenye buluu. Kwa moyo wangu Kinasi imebaki juu.

Sasa potwe, na nusu ya nyota iliyobaki. Hupigi mbizi kwa mtungi kwa potwe. Unaingia kwa barakoa, mrija na mapezi tu, kutoka kwenye boti inayoanzia Kilindoni asubuhi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na anakula vidudu vya uduvi. Wa Mafia wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa. Wavuvi wa dagaa wanamjua siku zote na hawamwogopi, mara nyingine anawafuata kwenye nyavu zao. Madoa ya ubavuni mwake hayafanani na ya mwenzake, ndiyo maana watafiti wanampiga picha na kumtambua akirudi. Tulimwona wa kwanza saa mbili na nusu, mdomo wazi juu ya maji kama beseni, na niliposhuka nikamkuta anakuja moja kwa moja, mpole, mkia unapiga polepole, nikasogea pembeni naye akanipita kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kama treni inayopita stesheni bila kusimama.

Kisha boti nyingine tatu zikaja. Watu zaidi ya ishirini wakaruka wote kwa pamoja, wengine mbele yake kabisa, mmoja nilimwona kwa macho yangu akinyoosha mkono kumshika pezi la mgongoni. Potwe akazama, akaenda zake. Kanuni zipo na kila nahodha anazisema kabla ya safari. Usimguse, usimkatie njia, kaa mbali na mkia, boti zipokezane. Nahodha wetu alizifuata, akawa anawapigia wenzake kelele za kuwasihi, nao hawakusikia. Nilirudi ufukweni nimeudhika. Mnyama yule ndiye anayewalisha wote waliokuwa kwenye boti zile nne. Ukienda, muulize nahodha kabla hujalipa atafanya nini akikuta boti nyingine zimemzunguka potwe mmoja. Akikwambia "tunasubiri", panda.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Chakula ni kizuri Utende, pweza wa nazi na wali, na ukiagiza mchana wanapika kwa ajili ya jioni. Usiagize saa kumi na mbili ukategemea kula saa moja. Mashine ya kadi haikufanya kazi siku zote tano, kwa hiyo beba fedha taslimu au uwe na salio kwenye simu. Uliza bei ya mkazi wazi wazi. Sisi tulitajiwa bei ya mgeni kwanza, na nilipouliza kwa upole ikashushwa karibu nusu. Haikuandikwa popote, na ingefaa iandikwe. Alasiri moja mvua ya vuli ilituzuia, tukavuka kwa ngalawa kwenda Chole kuona magofu ya Wajerumani na mibuyu na popo wakubwa wanaolala wamening'inia kama matunda yaliyooza. Mafundi wa majahazi walikuwa wamejikinga chini ya chombo wanachokiunda, wakatukaribisha kahawa.

Na kwa kazi yangu siwezi kumaliza bila hili. Usipige mbizi ukiwa na mafua ukijidanganya kwa dawa ya kuzibua pua. Dawa inakushusha vizuri, halafu inaisha nguvu ukiwa chini, na hewa iliyonaswa kwenye sikio haina pa kutokea unapopanda. Nimehudumia mtu aliyefanya hivyo, na maumivu yake sikuyasahau. Dawa ya kichefuchefu ya boti ijaribu nyumbani kwanza, maana nyingine zinaleta usingizi. Na kabla hujalipa kituo chochote, cha Mafia au cha kwingine, waulize mambo mawili. Oksijeni ya dharura iko wapi kwenye boti, na mtu akipatwa na matatizo ya kuibuka haraka anapelekwa wapi na kwa chombo gani. Kijana wa Jibondo alijibu lile la kwanza kwa kufungua sanduku la kijani na kunionyesha geji ya mtungi wa oksijeni. La pili alilijibu kwa kunitajia hatua kwa hatua, namba za simu zikiwa zimebandikwa ndani ya kifuniko.

Kama ni Julai, usiende kwa ajili ya kuta wala potwe. Ghuba itakuwepo, lakini utakuwa unalipia nusu ya kisiwa. Kama una mbizi hamsini na unataka kina na buluu, Pemba, na uchague maji mafu. Kama una siku mbili tu na uko Unguja tayari, Mnemba, na uombe boti ya kwanza ya asubuhi kabla wengine hawajafika.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kigombe. Babu siku hizi haoni vizuri na anakaa barazani muda mwingi. Nilimsimulia safari yote, boti, mitungi, yule nahodha aliyetia mkono majini, na hapo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuuliza kuhusu potwe. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Chewa wamo? Wale wakubwa?"

Nikamwambia wamo, babu. Nikamwonyesha kwa mikono yangu, nikashika mikono yake nikaitanua mpaka urefu wenyewe.